Wifi na Nondo Wake

Wifi yangu ana ulimi wa pilipili, na sijawahi kumpenda. Tangu kaka yake, yaani mume wangu, afariki, tunagombania ng'ombe mmoja wa maziwa. Yeye husema ni mali ya ukoo wao. Mimi nasema ni wa aliyemkamua miaka sita.

Kazi yake ni kuhesabu nondo, wale vipepeo wa usiku ambao mayai yao huangua viwavijeshi. Watu wa kilimo walimpa mtego, kopo linaloning'inia kwenye nguzo kando ya malisho, ndani yake kidonge chenye harufu ya nondo jike. Madume huingia wasitoke. Kila asubuhi huwamwaga kwenye sinia barazani, akawahesabu kwa njiti ya ufagio, kisha akatuma idadi kwa simu. Majirani humcheka kwamba waume wawili walimkimbia, sasa anawaita madume kwa manukato. Utani huo niliuanzisha mimi.

Mwaka juzi alitangaza viwavijeshi wanakuja. Watu wakafyeka malisho machanga, viwavi wakaangukia kwingine. Nilihakikisha hakuna aliyesahau.

Safari hii, baada ya mvua kubwa, aliingia kwangu bila hodi.

"Wifi, jana nondo saba, leo mia na kumi na mbili. Kata majani yako wiki hii, uyakaushe."

"Nikate majani mabichi hivi? Ng'ombe akose malisho, nije nikupigie magoti umchukue?"

"Haya, baki na kichwa chako kigumu."

"Na wewe baki na wadudu wako!"

Alikata ya kwake peke yake. Nilimchungulia dirishani nikicheka.

Siku ya kumi na mbili nilikuta malisho yamejaa viwavi weusi, wanasonga mbele pamoja, na walikopita pamebaki vishina vitupu. Niliwakanyaga, nikatukana, nikalia. Wifi nilimchukia kuliko wao.

Baada ya siku nne maziwa yalikatika na mbavu za ng'ombe zilihesabika. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikaenda.

"Wifi, nisaidie majani."

Hakuinua macho kwenye sinia. "Ng'ombe sina ugomvi naye. Mlete abaki hapa. Wewe rudi kwako."

Nilimpeleka mwenyewe. Ng'ombe aliposikia harufu ya majani makavu alinivuta mpaka kamba ikaniponyoka, akaingia bila kugeuka. Wifi akafunga geti, mimi nikiwa nje.