Heshima kwa baba mkwe ilivyotaka kumpokonya Esnah kitalu chake

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, umande haujakauka kwenye migomba, Esnah Nyamoita amepiga magoti kando ya chemchemi, nje kidogo ya soko la Magwagwa, Kaunti ya Nyamira. Mkononi ana wembe. Anachanja shina la mche wa parachichi wa kienyeji, anachomeka kijitawi cha Hass, parachichi la kisasa, kisha anafunga kidonda kwa utepe wa nailoni.

"Ukikaza sana inakufa, ukilegeza inakufa," anasema bila kuinua macho. "Mkono ndio unajua."

Mumewe, Job, alipofariki miaka kumi na minne iliyopita, alimwachia watoto watatu na kipande cha shamba mlimani kisichoshika maji. Esnah, sasa mwenye umri wa miaka 46, akateremka kwenye uwanja huu wa umma na kuanzisha kitalu. Msimu wa mvua huuza hadi miche mia nne kwa mwezi, mmoja shilingi 120. Hapa ndipo ilipotoka karo ya kifungua mimba wake, Lorna, hadi chuo cha ualimu.

Lakini kwenye ramani mpya, kitalu hakipo.

Mwezi Machi, maafisa wa mipango walikuja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu nyumba za gorofa zinazokusudiwa kujengwa uwanjani. Ramani ilibandikwa ukutani katika ukumbi wa kanisa. Pale penye chemchemi palipakwa rangi ya kijivu: maegesho ya magari. Esnah alikuwa ameyapanga maneno yake tangu juzi yake. Ila aliyeketi kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, alikuwa Mzee Nyakundi, baba mkwe wake.

Kwa Abagusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya baina ya wakwe. Mokamwana, yaani mke wa mwana, hasimami mbele ya baba wa mumewe akapaza sauti, sembuse kubishana na wageni mbele ya umati. Vijana wa mjini huenda wakacheka. Esnah hacheki. Afisa alipouliza mara tatu kama kuna mwenye pingamizi, alitazama viatu vyake.

Ripoti ikaandikwa kwamba hakuna aliyepinga. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na safari hii mshindo ulimwangukia aliyenyamaza.

"Nilitoka nikalia hapo kwa migomba," anasema. "Si ati sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo. Lakini Tata alikuwa pale." Tata, yaani baba, ndivyo anavyomwita baba mkwe.

Mambo yangeishia hapo kama si Laila Osman, afisa wa mipango kutoka mjini Kisii, aliyerudi wiki tatu baadaye kupima uwanja. Pale alipochora maegesho alikuta miche elfu moja na ushei. Akamuuliza Esnah kwa nini hakusema siku ile, naye akajibiwa kwamba baba mkwe alikuwa ukumbini.

Laila hafichi kwamba jibu hilo lilimsumbua siku nyingi. "Sisi tunaandika yaliyosemwa," anaeleza. "Fomu yetu haina mahali pa kuandika kwamba mtu amenyamaza kwa heshima."

Aliwaomba wakubwa wake kikao cha pili kabla ramani haijapitishwa, wakakubali. Kitafanyika Alhamisi ijayo, ukumbi uleule. Hakuna aliyeahidi kwamba mchoro utabadilika.

Habari ya sababu ya kimya cha Esnah ilimfikia Mzee Nyakundi, 81, kupitia kwa mkewe, Ruth, kwani mambo ya mokamwana hupitia kwa mama mkwe. Mzee alipigwa na butwaa. Kumbe siku ile naye alikuwa na la kusema, ila aliona si adabu kulisemea jasho la mwanamke aliyejitafutia mwenyewe, na mwenyewe yupo. Alingoja Esnah aanze. Alipoona kimya, akadhani amechoka na kitalu, akachukua fimbo yake akarudi nyumbani.

Inauma kusimulia, maana hakuna aliyekosea. Walifika mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie, na mlango nusura ufungwe.

"Mimi ndiye nilimziba mdomo na sikujua," anasema mzee. "Job angekuwa hai, angeniuliza."

Siku hizi Esnah hufanya mazoezi akimwagilia maji. Anaiambia miche jina lake, na miaka aliyofanya kazi hapa. Anaiambia kwamba hapingi nyumba, maana watu wanahitaji pa kulala. Anachoomba ni maegesho yasogezwe upande wa juu, kwenye mawe, chemchemi na kitalu vibaki. Kiswahili humpiga chenga kidogo, lakini hoja haimtoki.

Alhamisi Mzee Nyakundi naye atakuwepo, ila ukumbini hataingia. Amemtuma Ruth aseme kwamba ataketi nje, kwenye benchi lililo nyuma ya ukuta, mpaka mokamwana wake amalize. Ana ombi moja tu, na Ruth amelifikisha neno kwa neno.

"Mwambie mama Lorna aongee," alisema. "Lakini hiyo dirisha wasifunge. Nataka kumsikia."