Masini ya Pisini Niliyoifungua Peke Yangu

Nilipaswa kumwambia akae. Badala yake nilimwambia, "Iache hapa, wende," na mpaka leo natamani neno lile lingebaki kinywani mwangu.

Aliyesimama mbele yangu alikuwa rafiki niliyesoma naye sekondari, dawati moja miaka yote. Ni mtu wa Djugu, mkulima. Vita vilipomtoa mashambani alifika Bunia na mke, wajukuu wawili na godoro moja, akakaa miezi mingi bila kazi, hadi otele moja ilipomchukua kutunza pisini yake, bwawa la kuogelea. Katika umri wetu mtu hapati kazi mara ya pili. Alilijua hilo, nami nililijua. Asubuhi ile alikuja kwangu, mtaa wa Saio, akisukuma toroli, na ndani yake, chini ya gunia, kulikuwa na masini inayosafisha pisini.

"Muzee, macho yako ingali inaona?"

"Inaona kupita yako. Umeniletea kobe?"

"Kobe ya Wazungu. Inatembea tu chini. Hainyonye tena uchafu, haipande tena ukuta. Patro mwenye otele anarudi toka Kampala juma inayokuja. Akikuta maji iko kijani, kazi yangu imekwisha."

Nimetengeneza mota kwa zaidi ya miaka thelathini: za vinu vya kusagia, za pampu, za feni. Huku kwetu mwenye kitu hakiachi kwa fundi. Anakaa kwenye benchi iliyoegemea ukuta, anaangalia kila skrubu inavyotoka, na kazi ikiisha anapewa vipande vya zamani mkononi, vimefungwa kwenye mfuko. Mgeni hudhani tunashukiana. Sivyo. Benchi inamlinda fundi na inamlinda mwenye kitu, maana akiulizwa mbele ya safari anajibu, "Nilikuwepo, niliona." Mimi mwenyewe niliwahi kukataa kufungua redio ya padri kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda misa.

Siku ile otele ilikuwa imemtuma rafiki yangu Kasenyi, ziwani, kuchukua samaki, na gari lilikuwa likimngoja barabarani. Angeweza kurudi na toroli yake kesho yake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuinua gunia, na sitadanganya: nilitaka kubaki na ile masini peke yangu. Mwenye kitu hukohoa, huuliza, hukwambia usipoteze skrubu. Mimi nilitaka kimya.

"Na benchi?" akauliza, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

"Benchi iko ya watu wenye sijue. Weye nakujua."

Akacheka, akaondoka.

Niliitandikia masini shuka safi mezani. Nilitoa skrubu kumi na sita kwa turnevisi, nikafungua sanduku lililozificha mota tatu, mbili ndogo za kuendesha mikanda ya miguu, na moja, ile iliyougua, ya kuvuta maji kutoka chini na kuyasukuma nje kupitia mgongoni. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi kitu kizito namna ile kinavyopanda ukuta. Hakina kucha wala gundi. Kinayasukuma maji, na maji yanakibana ukutani. Niliweka turnevisi chini, nikakaa tu.

Maishani nimezungusha nyaya za shaba zenye unene wa bua la mpunga. Waya wa mota ile ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto, na kila mzunguko ulilala kando ya mwenzake bila kupandana hata mahali pamoja. Nilihesabu kwa ncha ya sindano mpaka macho yakatoka machozi, nikaacha. Nilijiuliza ni mkono gani uliofanya hivyo, au ni masini gani nyingine, na nani aliyeifundisha. Nilijiona kama mtu aliyesoma alfabeti miaka thelathini na leo ameonyeshwa kitabu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Pete ya mpira inayozuia maji kwenye shafti, chuma kinachozunguka, ilikuwa imechoka. Maji yaliingia, rulema mbili, beringi zinazoishika shafti, zikashika kutu, na makaa yanayopeleka umeme yakakwama kwenye nyumba zake. Niliikausha mota juani siku nzima, nikaisugua shaba kwa karatasi laini, nikayalegeza makaa. Rulema za kipimo kile nilizipata kwenye mota kuukuu ya pikipiki. Pete ya mpira sikuipata popote Bunia. Nilikata nyingine kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, nikaipaka grisi, ikakaa vizuri.

Vipande vya zamani vilibaki mezani, rulema mbili zilizoharibika na pete iliyopasuka. Benchi haikuwa na mtu wa kunyoosha mkono na kusema, "Leta vyangu." Nilivifagia pamoja na uchafu, nikavitupa kwenye shimo la taka, nikachoma.

Niliunganisha batiri mbili za gari, nikaitumbukiza masini kwenye pipa la maji. Ikanguruma kwa sauti ya paka aliyeshiba. Maji yakaruka kutoka mgongoni mwake hadi kwenye paa langu la bati.

Siku ya tatu tuliirudisha pamoja. Rafiki yangu aliishusha taratibu pisinini, ikazama, ikatulia, kisha ikaanza kutembea chini kama mnyama anayetafuta malisho. Nyuma yake iliacha njia nyeupe katika ule ukijani. Ilipofika ukutani ikasita. Rafiki yangu akanishika mkono. Ikainua pua, ikapanda, polepole, polepole, mpaka ikachungulia juu ya maji na kutupulizia usoni.

Wapishi walikuwa wametoka wote na vijiko vyao. "Yesu wangu!" mmoja wao akalia. "Hii kitu iko na roho!"

"Iko na roho ya muzee huyu," rafiki yangu akajibu. "Ndiyo maana inapanda polepole."

Tulicheka kama tulivyocheka sekondari. Lakini nakumbuka zaidi ile dakika kabla ya kucheka, watu wanane kando ya maji na hakuna aliyepumua, kama kanisani wakati kengele inalia.

Wiki ya tano masini ilizima. Sikujua kwamba dawa inayotiwa kwenye maji ya pisini inakula mpira wa gurudumu. Ningepaswa kujua, au kuuliza. Patro alimleta fundi wake kutoka Kampala, naye alipofungua akakuta rulema za pikipiki na kipande cha mpira. Akasema vipande halisi vimeng'olewa na kuuzwa.

Patro alimwuliza rafiki yangu swali moja: "Ulikuwepo wakati inafunguliwa?"

Angeweza kusema ndiyo. Alisema, "Hapana. Nilikuwa Kasenyi."

Jioni ile alikuja kwangu mbio. "Nipe vile vya zamani, nikamuonyeshe."

"Nilivichoma na taka. Jivu walishabeba."

Aligeuka akaitazama benchi. "Weye?" akasema. "Weye mwenye benchi?"

Kesho yake nilivaa koti langu, nikaenda kwa patro, nikamweleza kila kitu, kwamba kosa ni langu toka mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza kwa heshima, akanipa kiti. Mwishoni akasema, "Papa, mimi naweza kukuamini. Lakini vipande viko wapi?" Rafiki yangu aliondolewa kazini siku hiyo hiyo, na pale otelini wakabaki wakimwita mwizi.

Masini ile bado naiota. Hata baada ya yote siwezi kuichukia. Katika maisha yangu sijashika kitu kilichofikiriwa vizuri kama kile. Ila niliitaka kwangu peke yangu kwa siku tatu, na kwa ajili ya hilo nilivunja desturi niliyoilinda hata mbele ya padri.

Rafiki yangu alishuka Tchomia, kwa wavuvi wa ziwani, na mke na wajukuu. Anabeba vikapu vya samaki kwenye majiko ya kukaushia, kazi ya vijana, mgongo wake ukiwa mgongo wa miaka yangu. Nilishuka mara mbili kumtafuta. Mara ya kwanza mkewe alisema hayupo, nami niliona viatu vyake mlangoni. Mara ya pili alitoka mwenyewe, akanisalimia kama anavyosalimiwa mgeni, akarudi ndani. Nilimpotezea kazi na jina lake jema, na yeye, rafiki pekee niliyebaki naye tangu ujana, hazungumzi nami tena.