Dakika Tano Kutoka Kazini

Nilipohamishiwa Voi, nilitaka kitu kimoja tu: nyumba ya kufika kazini kwa miguu. Mwenzangu wa ofisini, mama anayetoka Mwanda kule milimani, aliniambia nipange kwao, kwenye baridi na chemchemi. Nikamcheka. Zaidi ya saa nzima barabarani kila asubuhi, kwani nina wazimu?

Nikapata nyumba Kaloleni, dakika tano kutoka kazini. Keyateka, mtunzaji wa nyumba hizo, alipofungua mfereji, maji yaliruka hadi yakanilowesha viatu. Nikalipa siku hiyo hiyo. Wenyeji wote huuliza kwanza, "Maji ni siku gani?" Mimi niliuliza habari ya rangi ya vigae! Kumbe maji huja Jumanne tu, na keyateka huonyesha nyumba Jumanne tu.

Sasa kila asubuhi napanga foleni na mitungi kwenye kioski cha maji, nikigombana na watu nisiowajua, jua limeshaanza kuchoma. Zile dakika tano zangu nazikimbia, nimechelewa, jasho na vumbi vimenikaukia shingoni. Huyo mama wa Mwanda namkuta ameshaketi, ameoga, nguo imepigwa pasi, anakunywa chai.

Juzi nilipoingia hakunisalimia. Aliinama chini ya meza yake, akatoa mtungi wa lita tano, akaniwekea juu ya mafaili.

"Ni maji ya chemchemi ya kwetu, ya leo asubuhi, bado yako baridi," akasema. "Nenda bafu ya nyuma ukaoge kwanza, ndio tuongee kazi."