Popo wa Jani la Mgomba

Niliwafunga popo saba ndani ya jani la mgomba kwa uzi wa mama yangu wa kusukia viondo, nikawaacha humo mpaka asubuhi. Mengine yote yalianzia hapo. Anayetaka kunicheka acheke sasa hivi, kwa maana huko mbele sioni mahali pa kuchekea.

Nilikuwa darasa la saba, huku kwetu Kilungu, mwaka ule wa kiangazi tulipokula mahindi ya manjano ya msaada. Migomba iliyobaki hai ilikuwa ya bondeni, kando ya chemchemi iliyotoa maji kidogokidogo kama mtu anayelazimishwa kutoa sadaka. Jani jipya la mgomba hutokea katikati likiwa limejikunja kama sigara, mdomo wazi juu. Humo ndimo popo wangu walimolala mchana. Mmoja hakuzidi kidole changu cha gumba, rangi ya udongo mkavu. Kwenye vidole na nyayo walikuwa na vijigodoro vya kunata, ndiyo maana hawakuteleza. Hawakuning'inia kichwa chini kama wale wa dari ya kanisa. Hawa walikaa vichwa juu, wamebanana kama familia iliyowahi benchi la mbele. Jua likizama walitoka mmoja mmoja kwenda kula mbu na nondo.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba popo ni kipofu. Mpango wangu ulikuwa nimpelekee jani zima Jumatatu, nilifungulie mezani pake, tuone ni nani atakayekosa mlango. Kwa hiyo Jumapili tulipotoka ibadani nilichukua uzi ambao mama alikuwa ameusokotea pajani kwa siku nyingi, nikateremka bondeni, nikaufunga mdomo wa jani kabla hawajatoka.

Alfajiri jani lilikuwa linatikisika, na upepo haukuwepo. Nililegeza uzi nichungulie. Kitu kikaniuma chini ya kidole gumba, kikang'ang'ania. Alikuwa jike, sikio la kushoto limepasuka, na watoto wawili wamemshika kifuani. Nilikung'uta mkono, akaachia, akaruka na mzigo wake huohuo moja kwa moja hadi kwenye jani jingine lililojikunja. Kipofu gani huyo. Watatu waliruka wakapotea. Watatu walianguka miguuni pangu na hawakuinuka. Niliwafukia kwa kisigino, nikanawa damu chemchemini, nikaenda shule mikono mitupu.

Muhula uliotangulia, fundi wa baiskeli wa pale njia panda aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Alicheka, akafunga kitambaa, akaendelea kuziba pancha. Wiki kadhaa baadaye aliletewa kikombe cha maji akakipiga teke, koo likajifunga kwa kuyaona tu. Hakumaliza siku nne. Bwana afya akaja shuleni kutueleza. Alisema mnyama yeyote anayeuma anaweza kuwa nao ugonjwa huo, mbwa, nguchiro, hata popo, na ukishaanza hauna dawa. Nilinyoosha mkono nikauliza je, akiuma mwalimu. Nilichapwa, na darasa zima lilikubali kwamba ilistahili.

Sasa swali langu lilikuwa limenirudia mkononi.

Bwana afya alisema pia kwamba mbwa akikuuma afungwe atazamwe siku kumi. Akibaki mzima, huna neno. Mimi mbwa wangu alikuwa na mabawa, na nyumba yake haikai siku mbili. Jani likianza kufunguka, popo huhama kutafuta jingine lenye mdomo mwembamba. Kila jioni baada ya shule nilipita mgomba kwa mgomba nikichungulia kila jani lililojikunja, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Nilimkuta siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, sikio lake lile, watoto wake wawili. Siku ya sita alikuwepo, lakini alikuwa peke yake. Siku ya saba majani yote yalikuwa matupu.

Hapo nikabaki na kipimo kimoja, maji. Nilikunywa kikombe kila nilipopita karibu na mtungi, kuona kama koo bado lapitisha. Nikimeza salama nilipata amani ya dakika kumi. Nyumbani mtungi ukawa haufiki jioni, na chemchemi ile ilikuwa mwendo wa mlima. Mama akamshuku dada yangu mkubwa kwamba anateka nusu ili amalize mapema akapige soga na wenzake. Siku mbili dada alitukanwa kwa ajili yangu, nami nikanyamaza.

Siku ya tatu dada alitua debe la maji akasema, "Mama, muulize huyu ngamia wako. Mpeleke mnadani Mwingi wakamuuze pamoja na wenzake."

Mama aliniita, akaniuliza kama ni kweli. Nilichota kikombe nijifanye nina kiu ya kawaida tu. Maji yakapita njia isiyo yao. Nikapaliwa, yakatoka puani, kikombe kikaanguka. Nilijua ugonjwa ndio umeanza. Nikaanguka pale sakafuni nikasema yote, jani, uzi, sikio lililopasuka, siku ya saba.

Nilingoja kofi. Mama alinishika mkono akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akatazama vitundu viwili ambavyo vilikuwa vimeshapona. Uzi wake hakuutaja kabisa. Alivaa viatu vyake vya kanisani, tukapanda hadi barabara kuu, na hospitalini nikachomwa sindano ya kwanza ya tumbo. Muuguzi alisema zitaendelea kila siku kwa wiki mbili, na kwamba tulichelewa. Mama akauliza tumechelewa kiasi gani. Muuguzi akasema hilo hakuna anayeweza kulijua, tungoje tu.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, nilimkuta mama amesimama kando ya mtungi, kikombe kimejaa mkononi, macho ameyakaza shingoni mwangu. Akaninyooshea kikombe.

"Kunywa yote, polepole," akasema. "Nataka niyaone yakishuka."