Kimombo Alichokitaka Mama

Marehemu mama yangu alianza kujifunza Kiingereza akiwa na mvi kichwa kizima, na mwalimu aliyempata ni mimi, kitinda mimba wake, mwenye cheti cha kidato cha nne na hasira za karibu. Tulisomea uani kwetu Katumba, nje ya mji wa Mpanda, tukipukuchua mahindi. Mpaka leo nikishika gunzi namkumbuka.

Chanzo kilikuwa mjukuu wake. Dada yangu mkubwa alihamia Marekani na mumewe, akazalia huko binti ambaye wakati ule alikuwa na miaka kama minane, na Kiingereza ndiyo lugha pekee aliyoijua. Kila Jumapili tukitoka kanisani dada alipiga simu ya video. Yeye na mama walipiga Kirundi, lugha yetu ya nyumbani, weee, habari za mihogo, za wagonjwa, za nani kaolewa. Mwisho mtoto alisukumwa mbele ya kamera. "Hi, Grandma." Mama anacheka, anapunga mkono. Mtoto anaangalia pembeni, mama naye anazidi kupunga. "Bye, Grandma." Kwisha habari.

Siku moja simu ilipokatika mama alibaki amekaa, ncha ya kitenge iko mdomoni.

"Huyu mtoto ananijua kama picha ya kalenda," alisema. "Nitakufa hivyo hivyo? Nifundishe. Nataka niongee naye mwenyewe, wewe na dada yako mkae pembeni."

Nikaanza nilivyoanzishwa mimi shuleni. Sisi mwalimu akiingia tulisimama darasa zima tukaimba "Good morning, teacher", akatuuliza hali, tukaimba tena "I am fine", hata yule anayetetemeka kwa malaria. Basi nikamwambia mama: ukiulizwa "How are you", jibu "I am fine".

"Na nikiwa naumwa mgongo?"

"Unasema I am fine."

"Na nikiwa nimefiwa?"

"Mama, we sema tu I am fine!"

"Yoo! Lugha gani hiyo ya kufichana?" Akatupa gunzi kwenye rundo. "Hayo ni maneno ya watu wanaopishana njiani. Mimi ni bibi yake. Niambie, mtoto akiingia hapa uani namwambiaje?"

Nilinuna, lakini nikamwambia: "Come." Akitaka kuketi? "Sit." Akiwa na njaa? "Eat." Kwa namna hiyo tukapiga hatua. Mama hakutaka neno ambalo hawezi kuligusa au kulitenda. Aligusa chungu, akasema "pot". Alichota maji, akasema "water", akamwagia bata waliokuwa wanadokoa mahindi yetu, akawafukuza kwa Kiingereza vilevile. Majirani wakipita njiani waliita, "Mama mzungu, hujambo?" naye akawajibu "Come, sit, eat!" na wengine kweli wakaingia, wakala. Mimi nilikuwa nakasirika, ati wanatuharibia kipindi. Jamani, ningepata leo kipindi kimoja tu cha kuharibiwa namna ile!

Kuna neno alilolitafuta kwa muda. Aliniuliza, mtu akiita kutoka nje naye yuko ndani, anaitikiaje kwamba yupo. Nikamwambia: "I am here." Hilo alilipenda. Alilifanyia mazoezi akiwa jikoni, akiwa shambani kwenye maharage, hata akiwa chooni nikimtafuta.

Jumapili zikawa zinapita. Mama akamwambia mtoto "Eat", mtoto akajibu kwamba ameshakula. Akamwambia "Come", mtoto akamwangalia mama yake, naye dada akacheka, akaanza kutafsiri. Simu zikaisha na bye ileile. Nilimwona mama anavyorudisha simu mezani taratibu, nikaumia.

Halafu ikaja Jumapili moja dada akiwa zamu kazini na shemeji bado amelala. Simu ililia, mama akaipokea mwenyewe. Kwenye kioo alikuwepo mtoto peke yake, kitandani, uso umevimba kwa kulia. Akaanza kuongea mbio mbio na kwikwi katikati. Mama hakushika hata neno. Akanigeukia.

"Mbwa wake amekufa jana," nikasema.

"Mbwa?"

"Mbwa, mama."

Kwetu mbwa akifa anafungwa kamba, anaburutwa, anafukiwa kando ya shamba, na aliyemfukia anarudi kula ugali wake. Nilidhani mama atacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza.

"Analia kweli?"

"Analia."

"Basi ni msiba," alisema. "Lete mkeka."

Nikaleta. Akavua ndala, akakaa chini, miguu kainyoosha, kitenge kakifunga kiunoni kama anavyofunga akienda kwa wafiwa. Simu akaiegemeza kwenye kinu. Akamtazama mtoto, akasema, "I am here." Kisha akanyamaza.

Kwetu ukifika msibani husemi sana. Unakaa na mwenye kufiwa, kilio kinapanda, kinashuka, wewe umekaa. Hilo nalijua tangu mdogo, lakini siku ile lilinitoka kabisa. Nikaamini Kiingereza kimemwishia. Nikamnong'oneza, "Mama, mwambie don't cry. Maana yake usilie."

"Mfiwa anakatazwa kulia?"

"Sasa mbona umekaa tu? Bando linaisha!"

Mtoto alilia, mama alikaa. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikawa najiuliza mtoto wa Marekani ataelewa nini kwenye ukimya huo. Bata wakaingia kwenye mahindi, hakuna aliyewafukuza.

Mtoto akajifuta pua kwa mkono wa nguo. Akaangalia kamera kwa muda. Akateremka kitandani, akaegemeza simu yake mahali, akakaa sakafuni kama bibi yake alivyokaa. Halafu akaanza kusimulia, polepole sasa, yule mbwa alikuwa analala wapi na anapenda nini. Mama alidaka neno hapa, neno pale, akaitikia "mmh" panapotakiwa "mmh". Mtoto hakutazama pembeni hata mara moja.

Nikachuchumaa nyuma ya mama, nikainama begani kwake, nikafungua mdomo nimtafsirie.

Mama aliniangalia kama mtu aliyeingia chumbani bila hodi.

"Sogea huko," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mjukuu wangu anaongea na mimi."