Santuri Tuliyoiita Foleni

Kama ulisoma shule ya msingi Bagamoyo katika ile miaka ya sabini, huhitaji kuelezwa foleni ilikuwa nini. Utakumbuka tulivyotoka darasani mchana, miguu imejaa vumbi, tukapitia duka la ushirika kuona kama mama zetu bado wako pale tulipowaacha asubuhi, wakisubiri sukari na sabuni. Wengine hawakuwapo, ila mawe yao yalikuwapo. Mtu akiwa na mboga jikoni aliweka jiwe mahali pake, akaenda, akarudi akalikuta. Hakuna aliyelisogeza. Siku hizi kijana akisimama benki dakika kumi anaanza kupuliza pumzi kama tairi lililotoboka. Mama zetu walisogea hatua mbili, wakakaa chini, wakaendelea kusuka ukili.

Nasema mama zetu, lakini mama yangu mimi hakuwamo. Baba yangu, Mzee Shomari, ndiye aliyekuwa meneja wa duka lile. Kwetu chai ilikuwa na sukari hata wiki ambazo majirani waliinywa kwa tende, au kavu hivyo hivyo. Mama alikaanga vitumbua vitamu, harufu yake ikavuka ua. Rafiki yangu Tatu, niliyecheza naye rede kila alasiri tukitoka madrasa, alikuwa akipewa kimoja, anakitafuna polepole huku ameinamisha macho. Mama yake alikuwa kwenye foleni ya baba yangu tangu alfajiri, na mara nyingi alirudi na kikapu kitupu. Mimi na Tatu tulizungumza kila kitu duniani isipokuwa hilo.

Kaka yangu Idrisa alinipita miaka tisa. Alikuwa fundi redio, na jioni mpiga gitaa. Yeye na wenzake watatu walifanyia mazoezi katika ghala la zamani la mbata, nyuma ya duka la ushirika, ndiyo maana watu waliwaita vijana wa ghalani. Walipiga muziki wa roki kwa magitaa ya umeme. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli, na gitaa likalia kama debe linaloburutwa kwenye saruji. Walifuga nywele kubwa, wakavaa viatu vya raizoni vyenye soli nene na suruali za bugaluu zilizofagia barabara nzima. Mama alimwambia, "Idrisa mwanangu, hebu nipe nusu ya hiyo suruali nishone foronya." Wajukuu zangu leo wanavaa suruali zilizochanika magotini wakadhani wamegundua kitu.

Siku moja binamu yetu aliyefanya kazi bandarini Dar es Salaam alileta santuri ndefu kutoka Ulaya. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda msalani. Idrisa alikaa na kamusi wiki nzima, anasoma maneno yaliyoandikwa kwenye jalada. Kisha akawakusanya wenzake ghalani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia, maana Mama alinituma nimpelekee chakula.

"Hizi si nyimbo kumi," alisema. "Ni habari moja. Huyu mtu anazaliwa upande wa kwanza, ukigeuza santuri anazeeka."

Hamza, mpiga ngoma, akacheka. "Basi na sisi tutunge ya kwetu. Ila habari gani? Hapa Bagamoyo kuna habari gani?"

Wakanyamaza. Na walipokuwa wamenyamaza tukasikia kelele za nje, zile tulizokwisha kuzizoea tusizisikie: mtoto analia, mwanamke anakohoa, mtu anauliza kama lori limeonekana. Idrisa akaelekeza kidole ukutani.

"Hiyo hapo," alisema.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Waliazima kinasa sauti cha mikanda cha mwalimu mmoja, wakakitia ndani ya kikapu, wakakifunika kanga, nikakibeba mimi. Nilitembea toka mkia wa foleni hadi kichwani nikijifanya namtafuta mtu. Sauti zile ndizo zilizofungua santuri. Baada yake kila wimbo ulikuwa mtu mmoja aliyesimama pale. Alikuwapo mama mjamzito. Alikuwapo mwalimu aliyewaacha wanafunzi peke yao ili apate sabuni. Alikuwapo mzee wa upande wa Mkange, aliyehamishiwa kijiji kipya akaacha mikorosho yake, na sasa anapanga mstari kununua unga wa mahindi aliyokuwa akiyalima mwenyewe. Wimbo ule wa mzee waliurudia siku tatu mfululizo, kwa sababu Hamza kila akifika katikati alisimamisha ngoma akapangusa macho kwa kiganja. Babu yake mwenyewe alikuwa amehamishwa.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa mwenye duka. Ulisema ana milango miwili, wa mbele kwa ajili ya watu na wa nyuma kwa ajili ya wakubwa. Na humo ndani mtoto anamuuliza, "Baba, huyu aliyepita nyuma alikuwa wa ngapi?"

Idrisa alitaka sauti ya mtoto wa kweli. Nikamtazama.

"Kaka, huyu si Baba?"

"Ni mwenye duka yeyote."

"Duka ni moja."

Idrisa aliinamia gitaa lake. Alikaza uzi wa gitaa, akaulegeza, akaukaza tena. Mwishowe akasema taratibu, "Mwanaidi, Tatu akija kula kitumbua kwetu, wewe unamtazama usoni?"

Nikaimba.

Waliamua kuzipiga nyimbo hizo kwanza mbele ya watu, Jumapili mchana, katika ukumbi ambamo vijana walicheza bugi. Baba alisikia kuwa binti yake ataimba. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na koti, akakaa mstari wa mbele, akanitabasamia. Lile tabasamu bado linanichoma.

Nyimbo mbili za mwanzo watu walicheza. Wa tatu, ule wa mzee, wakapungua. Wa nne hakuna aliyekuwa anacheza, na wanawake waliokuwa wakiuza karanga mlangoni walikuwa wameingia ndani na sinia zao kichwani. Mama yake Tatu alikuwamo. Wimbo wa mwisho nilikaza macho kwenye vidole vyangu vya miguu. Nilipouliza lile swali, mtu mmoja alicheka kwa sauti, kisha akaona anacheka peke yake. Vichwa vikamgeukia Baba. Baba akainuka, akaweka kofia yake sawa, akatoka. Idrisa aliupiga wimbo hadi mwisho.

Tulirudi nyumbani jua lingali juu, tukitembea kama watu wanaokwenda kuchapwa. Baba alikuwa amekaa mkekani. Mbele yake palikuwa na kopo la biskuti.

"Shikamoo Baba," alisema Idrisa.

Baba alituonyesha mkeka. "Marahaba. Kaeni."

Tukakaa.

"Wimbo wako una uongo ndani yake," Baba alisema. "Umesema mwenye duka ana milango miwili. Yule ana mmoja tu, wa mbele. Wa nyuma una wenyewe." Akamwaga kopo. Vikatoka vipande vya karatasi, vingi, vimekunjwa vizuri. Vimemo vya wakubwa. "Soma."

Idrisa akasoma. *Mpatie mleta barua hii kilo tano, ni mgeni wangu.* *Nina harusi Ijumaa, nisaidie kilo kumi na mbili.* *Huyu usimrudishe mikono mitupu kama bado unaipenda kazi yako.* Sauti yake ilizidi kushuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Idrisa, vikitoka hivyo nje, kesho una kazi?"

"Mtoto wangu ameniuliza swali mbele ya mji mzima," Baba alisema. "Nimjibu nini?" Kisha akamgeukia Idrisa. "Vitie kwenye wimbo wako, kama vilivyo. Na nyumba hii nayo imekula. Kilo mbili kila mzigo ukija. Hizo hazikuwa na kimemo. Zitie nazo."

Mama aliingia jikoni.

Mzigo uliofuata, Baba alifunga mlango wa nyuma na sukari yote ikauzwa mbele. Mama alinipa kikapu. Nilikwenda nimeinamisha kichwa, sikujua hata nisimame wapi, mpaka mama yake Tatu akaniita. "Njoo, mwanangu. Weka jiwe lako nyuma ya langu." Tatu alicheka kwa kuwa nilikuwa nimechagua jiwe kubwa mno, nikashindwa kulisogeza. Sukari iliisha kabla hatujafika kaunta. Tulirudi watatu hadi nyumbani kwa kina Tatu, tukanywa chai kavu, na ndiyo mara ya kwanza niliyomtazama Tatu usoni bila wasiwasi.

Hali ile ilidumu mizigo mitatu. Kisha Baba akapewa barua ya kuachishwa kazi. Haikutaja sababu. Tulihamia Mapinga, kwenye shamba la marehemu babu, Baba akaanza kulima muhogo na mananasi kwa mikono iliyozoea mizani. Idrisa alikuja huko amebeba mikanda yote, akasema ataichoma moto.

"Baba, nimekuharibia."

"Santuri imekwisha?" Baba aliuliza, bila kuweka jembe chini.

"Bado."

"Basi nenda kaimalize."

Idrisa akaipeleka redioni, wakasikiliza nyimbo zote, wakazichukua mbili, nyingine wakasema hazifai kwa wakati ule. Idrisa na Hamza wakapanda lori Chalinze, wakaenda hadi Nairobi kwenye kiwanda cha santuri, wakarudi baada ya wiki kadhaa wamekonda, na maboksi ya santuri mabegani. Jalada lilikuwa na mawe yaliyochorwa kwa mstari, na neno moja juu yake: Foleni. Ilipita nyumba kwa nyumba. Mwenye gramafoni alijaza watu uani kwake, wakasikiliza upande wa kwanza, ikageuzwa, wakasikiliza wa pili.

Baba aliisikia Mapinga, mchana, kwa gramafoni ya betri. Alikaa amekunja mikono kifuani. Ulipofika wimbo wa vimemo akainua kidole.

"Huyu wa harusi alitaka kilo kumi na mbili. Mmeimba tano."

"Kumi na mbili ilikataa kuingia kwenye mdundo, Baba."

Baba alicheka. Alicheka hadi akakohoa, na sisi sote tukacheka, hata Mama, ambaye alikuwa hajacheka tangu tuhame. Kisha akafuta macho akasema, "Rudisheni mwanzo."

Hakupata kazi nyingine ya mshahara maishani mwake. Sitasema hakuumia. Kuna siku nilimkuta amesimama kando ya barabara ya Bagamoyo akitazama lori la mzigo likipita, na alilitazama mpaka lilipopotea. Lakini watu wa foleni ile, walipopita Mapinga, waliteremka kumsalimia.

Idrisa na Hamza wametangulia mbele ya haki. Sukari sasa iko kila kibanda, unaichagua kwa rangi ya mfuko. Watoto wa leo wana nyimbo elfu ndani ya simu, na wanaimba vizuri kutushinda. Vinanda vyao havina haja ya breki ya baiskeli ya mtu. Wimbo unatoka asubuhi, jioni umeshachokwa. Sina ugomvi nao, kila zama na watoto wake. Ila huwa nakumbuka zile nyua zetu, santuri imekwisha, sindano inakwaruza katikati, na watu wazima hawainuki kuondoka. Wanabaki wamekaa bega kwa bega, kila mmoja anawaza nyumba yake nayo imekula nini.