Anayechelewa Kuitikia

Hilali, muuza vitenge wa sokoni Kasulu, kila alipoulizwa binti yake Firdausi anafanya kazi gani, alijibu, "Anafuga sauti." Wala hakuwa anatania.

Firdausi alisomea kompyuta Dodoma, akarudi nyumbani, akapata kazi kwenye redio ndogo ya pale mjini. Redio hiyo ilikuwa imepewa kanda za marehemu Melkiadi, katekista aliyezunguka vijiji vya Busunzu na Kitahana miaka ya themanini, kinasa sauti kikining'inia begani. Alirekodi kila alichokipenda: wanawake wakipalilia, wanaume wakiwasifu ng'ombe wao, watoto wakicheza mvuani. Firdausi aliziingiza kanda hizo kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Alikaa karibu na dirisha, hedifoni masikioni, na ukungu wa asubuhi ukipanda kutoka mabondeni ulimfanya asijue vizuri yuko mwaka gani. Mara nyingine alishtuka na kumkuta mtu amesimama mbele yake, anamwita tangu zamani.

Baadaye akatengeneza huduma. Msikilizaji anatuma jina la mwimbaji kwa meseji, nayo kompyuta inaiuliza kila rekodi iliyo kwenye hifadhidata: mwimbaji wako ni huyu? Ikipata "kweli" hata moja, msikilizaji anarudishiwa neno IPO. Vinginevyo, anarudishiwa HAIPO. Firdausi aliipenda kazi yake hiyo. Aliona amejenga nyumba yenye milango miwili, na kila swali linajua pa kutokea.

Mwezi wa nane, milima ikiwa imefichwa na moshi wa nyasi zinazochomwa, alikuja mama mmoja kutoka Kitahana, viatu vyekundu kwa vumbi. Jina lake Vestina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu yenu inaniambia mama yangu HAIPO."

Firdausi akamkaribisha kiti. Mama yake Vestina aliitwa Niyubahwe, na alishafariki siku nyingi. Vestina alikumbuka Melkiadi akija shambani kwao na kile kinasa sauti, yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alikuwa ametuma jina la mama yake, akarudia, na kila mara akajibiwa HAIPO.

Firdausi alifungua hifadhidata akatazama. Rekodi nyingi hazikuwa na jina la mwimbaji. Melkiadi hakuandika, naye Firdausi alipaacha wazi hivyo hivyo. Ndipo akaelewa.

"Mama, pale pasipo na jina, kompyuta ikiulizwa kama huyu ni Niyubahwe, haisemi kweli. Wala haisemi si kweli. Inasema haijui."

Vestina akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mashine ilisema haijui, wewe ukaniandikia haipo?"

"Ndiyo, mama. Neno hilo nililichagua mimi."

Vestina hakugomba. Aliweka kikapu chini, akavuta kiti karibu. "Basi tusikilize hao usiowajua."

Walisikiliza. Vestina alifumba macho, na kila sauti ilipopita alisema polepole, "Oya," kwa Kiha, yaani hapana, kama mtu anayeahirisha usingizi. Mchana ukasogea. Ukaja wimbo wa palizi ya maharage: mmoja anaongoza, wenzake wanaitikia, majembe yanagonga udongo. Nyuma yao sauti moja nyembamba iliitikia ikiwa imechelewa, kila mara, kana kwamba mwenyewe alikuwa anatazama milima.

Mkono wa Vestina ukamshika Firdausi. "Rudisha."

Akarudisha.

"Huyo."

"Anayeongoza?"

"Oya. Anayechelewa. Mama alikuwa anasahau kuitikia. Wenzake walimcheka, wakimwuliza, Niyubahwe, umekwenda wapi tena?"

Kisha Vestina naye akaitikia, taratibu, nyuma ya wengine, pamoja na ile sauti. Firdausi alihisi kuta za ofisi zimesogea mbali. Aliona mistari ya maharage imelowa umande, migongo imeinama, na mwanamke mmoja amesimama na jembe lake, amesahau kwamba wimbo unamsubiri.

"Una hakika, mama?" aliuliza baadaye, vidole vikiwa juu ya vitufe.

Vestina akacheka huku akijifuta macho. "Sasa na wewe unaniuliza kama mashine. Andika."

Akaandika: Niyubahwe, mwitikiaji.

Wiki ile Firdausi akaongeza jibu jingine: HAIJULIKANI. KARIBU USIKILIZE. Ridhiwani, msimamizi wa redio, alihofia watu watakasirika. "Mtu anataka jibu, Firdausi, hataki mwaliko," alisema. Lakini watu walikuja, wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu. Baadhi walitambua shangazi au jirani, naye Firdausi akajaza jina. Wengi hawakumtambua yeyote, ila waliendelea kukaa, wakisikiliza sauti za watu wasiowajua mpaka jua lilipoinama.

Alhamisi moja alikuja mzee Hatungimana, Mrundi anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Hakuwa na jina la kutafuta. Alikuwa amesikia kwamba kwenye kanda mojawapo kuna mvua.

"Ipo, baba," Firdausi alisema, akamvika hedifoni.

Mzee akaegemeza kichwa ukutani. Mvua ikanyesha masikioni mwake, juu ya mabati ya nyumba ambayo hakuna aliyejua ilikuwa ya nani, na nje vumbi likaendelea kupita barabarani.